Usilaumu Gesi, Punguza Moto



Siku hizi jiko dogo la gesi limefika hata vijijini. Jiko hilo hukaa juu ya mtungi wa kilo 6. Halina moshi, na ni rahisi kulihamisha. Lakini wako watu wanaolilaumu. Wanasema, "Gesi inaunguza chakula. Wali umeungua chini, juu ni mbichi." Wengine wameuweka mtungi uvunguni na kurudi kwenye kuni.

Mimi nasema kosa si la gesi. Kosa ni kupika kwa gesi kama tunavyopika kwa kuni.

Moto wa kuni hutambaa mpaka ubavuni mwa sufuria. Moto wa jiko hili ni duara dogo, nao hupiga katikati tu. Ukiufungua wote, katikati huungua na pembeni hapaivi. Gesi nayo huisha upesi. Hiyo ni hasara mara mbili.

Tufanye nini basi? Tutumie sufuria nzito yenye kitako bapa. Chakula kikichemka, tupunguze moto na kufunika. Maji yanayochemka hayazidi kupata joto hata ukiongeza moto. Tugeuze chakula mara kwa mara.

Wali tumezoea kuupalia makaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi hakuna makaa. Kwa hiyo maji yakikaribia kukauka, punguza moto mpaka mwisho na ufunike vizuri. Kisha zima, uache sufuria imefunikwa kwa dakika 10. Mvuke utaivisha wali wa juu.

Maharage yaloweke usiku kucha. Yataiva mapema na kwa usawa.

Ugali unahitaji nguvu, na sufuria juu ya mtungi huweza kupinduka. Weka mtungi mahali palipo sawa. Wakati wa kusonga kwa nguvu, ipua sufuria uiweke chini, kisha irudishe motoni.

Upepo nao husukuma moto upande mmoja. Kinga upepo kwa mbali. Usiuzungushie mtungi mabati, kwa maana mtungi ukipata joto ni hatari. Fungua dirisha na mlango unapopika.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema, kwa sababu moshi wa kuni hudhuru macho na mapafu ya mama na watoto. Lakini kugawa mitungi hakutoshi. Watu wafundishwe kupika, wanaume kwa wanawake. Mtungi ulio uvunguni haumwokoi mtu na moshi.

Zungumzeni darasani:
1. Kwa nini wali huungua chini na kubaki mbichi juu?
2. Nani nyumbani kwako anajua kupunguza moto wa gesi?