Diploma ya nje: maswali ambayo China iliuliza kwanza

Kila mwaka matokeo ya Examen d'État yakitoka, wazazi wa Lulimba huanza kupiga hesabu. Kumtuma kijana Uvira, Bukavu au Lubumbashi ni gharama kubwa, na barabara hazina usalama kila wakati. Basi akitokea mtu na habari kwamba chuo kikuu cha Ulaya au Marekani kinatoa diploma yake bila kijana kuvuka bahari, mioyo inachangamka. Mbuzi wanauzwa. Wenye ndugu kwenye machimbo ya Misisi wanaomba msaada wa dhahabu.

Si kila habari ya namna hiyo ni uongo. Wakongo wenzetu wamekwisha kusoma hivyo. Katika kambi ya Dzaleka, Malawi, na ile ya Kakuma, Kenya, wakimbizi walianza mwaka 2010 kusomea diploma ya Regis University ya Denver kwa njia ya intaneti, katika mpango wa Wajesuiti. Kambi ya Kiziba huko Rwanda ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Mtoto aliyefika pale mgongoni mwa mama yake alifikia umri wa chuo kikuu akiwa bado kambini. Mwaka 2015 Kepler ilianza kufundisha mle ndani, na diploma waliyosomea vijana ilikuwa ya Southern New Hampshire University ya Marekani. Mimi nahesabu hilo kuwa tendo jema.

Lakini walioifanya kazi hii kwa ukubwa ni Wachina. Chuo cha Nottingham cha Uingereza kilifungua tawi Ningbo mwaka 2004. Liverpool iliungana na Xi'an Jiaotong mwaka 2006 na kujenga chuo Suzhou. New York University ilipokea wanafunzi wake wa kwanza Shanghai mwaka 2013. Kijana wa Kichina anasoma katika nchi yake na kupata diploma ya kigeni.

Ni vizuri tutazame walivyoanza. Kabla ya vyuo hivyo kufunguliwa, mwaka 2003 serikali ya China ilitoa kanuni. Mgeni hawezi kuja peke yake. Lazima ashirikiane na chuo cha Kichina. Katika baraza la uongozi Wachina wasipungue nusu, na mkuu wa chuo awe raia wa China. Tena kanuni inasema kwamba diploma ya kigeni itakayotolewa China iwe ileile ambayo chuo hicho hutoa kwao, na itambuliwe katika nchi yake. (Kanuni hizohizo zinayakataza mashirika ya dini ya kigeni kushiriki, na mimi kama mchungaji siwezi kulifurahia hilo. Lakini sharti la diploma ni la hekima.)

Mtu atasema China ina nguvu na sisi hatuna. Ni kweli. Ila kuuliza swali hakuhitaji jeshi wala fedha. Makerere ya Uganda ilipoungana na University of London mwaka 1949, Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza, na hata hivyo vijana walipewa shahada ya London yenyewe. Hawakupewa karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika.

Hapo ndipo sisi watu wa makanisa tunapaswa kujitazama. Vyuo vyetu vya Kiprotestanti vipo: Bukavu kuna Université Évangélique en Afrique, Goma kuna ULPGL, Kinshasa kuna Université Protestante au Congo. Vikitafuta ushirika na vyuo vya nje, tuvisaidie. Lakini pembeni kuna biashara nyingine, ya cheti cha teolojia na hata udaktari vinavyopatikana kwa dolari chache, kutoka kwa chuo ambacho katika nchi yake hakitambuliwi na mtu. Mchungaji anaitwa Daktari mimbarini, waumini wanapiga makofi, na kijana aliyeketi nyuma anajifunza kwamba elimu hununuliwa hivyo.

Kwa kijana huyo hasara inakuja baadaye. Anayetaka diploma ya nje ihesabiwe hapa Kongo, hulazimika kuomba wizara ya elimu ya juu huko Kinshasa iilinganishe na ya kwetu. Kutoka Lulimba hadi Kinshasa si safari ya kwenda kubahatisha.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya minerval kulipwa, chuo kiandikiwe barua. Je, diploma hii ni ileile mnayowapa wanafunzi wa kwenu? Serikali yenu inaitambua? Ni chuo gani cha Kongo mnachoshirikiana nacho, na kina kibali gani cha wizara? Fedha zinaingia benki kwa jina la chuo, au mkononi mwa mjumbe? Barua moja ya kanisa, kwa niaba ya familia zote zenye wanafunzi, inatosha. Majibu yasomwe mbele ya wazazi siku ya Jumapili baada ya ibada, na mjumbe mwenyewe aalikwe kuyasikiliza.