SHAHADA MOJA, LESENI NGAPI?

Wananchi wa visiwani wakilisikia jina la Karagwe huona kama latajwa la nchi ya mbali isiyowakhusu. Lakini jambo tunalolieleza leo laonekana waziwazi zaidi Nyakatuntu kuliko Mji Mkongwe, na mwisho wake, kama msomaji atakavyoona, larudi hapa hapa kwetu.

Nyakatuntu imo katika Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwenye ile pembe ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Uganda na Rwanda. Mtu wa huko akivuka Mto Kagera penye daraja la Murongo hujikuta Kikagati, katika ardhi ya Uganda, na Kinyambo chake hufahamika na Wanyankole bila ya mkalimani. Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na ambacho hufundisha udaktari, ki jirani yake. Muhimbili iko mbali naye zaidi ya kilomita elfu moja. Basi kuna ajabu gani mzee wa Nyakatuntu akiuza kahawa yake na kumpeleka mwanawe Mbarara?

Ajabu huanza siku kijana huyo arudipo. Shahada ni ushahidi wa chuo kwamba mtu amesoma akafuzu. Leseni ni idhini ya dola kwamba mtu huyo aweza kukabidhiwa roho ya mgonjwa. Hivi ni vitu viwili, na kila dola huitoa idhini yake yenyewe. Kwa hiyo kijana wetu itambidi kwanza shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu, chombo kilichoanza kazi mwaka 2005; na ikiwa hata sekondari aliisoma ng'ambo ya mto, vyeti vyake navyo vitalinganishwa na Baraza la Mitihani la Taifa. Kisha ataelekea Baraza la Madaktari la Tanganyika (naam, Tanganyika, jina ambalo wengine hulitafuta kwa tochi, nalo laishi salama katika baraza hilo na katika chama cha mawakili wa Bara), apimwe, afanye mwaka wa mafunzo ya vitendo chini ya wakubwa wake, ndipo aandikwe daftarini. Kila mlango una ada yake na foleni yake. Na mgonjwa wa Nyakahanga angali kitandani, akingoja.

Hatusemi milango hiyo ing'olewe. Mgonjwa hana uwezo wa kuipima shahada ya daktari wake, wala mjane mwenye kesi ya shamba hawezi kujua kama wakili wake aliisoma sheria au aliisikia barazani. Lazima awepo wa kuwapimia. Na yaliyotokea Dar es Salaam mwaka 2022 yatosha kumnyamazisha kila adhaniaye kuwa shahada pekee yatosha. Katika Shule ya Sheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 ili kila mwenye shahada ya sheria apite hapo kabla ya kuwa wakili, watahiniwa 633 walitangaziwa matokeo yao: waliofaulu moja kwa moja 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, walioanguka kabisa 265. Nchi nzima ilishtuka. Waziri wa Katiba na Sheria, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lakini swali lenyewe halihitaji kamati kulifahamu. Ikiwa shahada zile 633 zilikuwa za kweli, mtihani ule ulipima nini? Na ikiwa mtihani ulikuwa wa haki, vyuo vilikuwa vikiuza nini kwa wazee wetu miaka mitatu na minne?

Tena tusisahau kuwa leseni si mara zote hutumika kumlinda mgonjwa. Wakati mwingine humlinda aliyekwisha ingia dhidi ya anayebisha hodi. Zama za ukoloni madaktari Waafrika waliotoka Makerere waliajiriwa kama wasaidizi chini ya daktari wa Kizungu, hata kama mikono yao ndiyo iliyofanya kazi. Ni katika miaka ya 1950 ndipo karatasi yao ilipokubaliwa na baraza la London. Ugonjwa haukubadilika siku ile, wala dawa. Kilichobadilika ni aliyeshika muhuri.

Baada ya hapo ilikuja fursa njema. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa Mkuu wake, na shahada yake ilikuwa moja katika nchi tatu. Kikavunjwa, kila nchi ikachukua chake, na miaka saba baadaye Jumuiya yenyewe ikafa. Jumuiya ya pili imejaribu kuyaokota yaliyomwagika. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, yaahidi katika ibara ya 11 kutambuana kwa sifa za elimu na za kazi. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini makubaliano yao mwaka 2011, wahandisi 2012, madaktari wa mifugo 2016. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakatangaza kuwa Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu.

Maneno mazuri. Lakini mwaka huo huo wa 2017 Kenya, ikitoka katika mgomo wa madaktari wa siku mia moja, iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania. Madaktari wa Kenya walikimbilia mahakamani, safari ikazuiwa, na Rais Magufuli akawaajiri nyumbani 258 miongoni mwa walioomba. Hatuwalaumu Wakenya waliokuwa na wenzao wasio na kazi. Twasema tu kwamba itifaki haijawahi kumvusha mtu mpaka pale ambapo wenye nchi hawataki avuke.

Sasa turudi kwetu. Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Baraza la Mitihani ni jambo la Muungano. Afya si jambo la Muungano. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ana shahada itambuliwayo na Tume moja kwa Jamhuri nzima, lakini madaftari ya madaktari ni mawili, moja la Zanzibar na moja la Tanganyika. Daktari wa Mnazi Mmoja akitaka kuwatibu watu wa Karagwe atapiga hodi upya, sawa na yule aliyetoka Mbarara. Na mawakili vivyo hivyo: Mahkama Kuu ya Zanzibar ina mawakili wake na Mahkama Kuu ya Bara ina wake, ilhali rufaa za pande zote mbili husikilizwa na Mahkama ya Rufani moja.

Wako watakaotoa dawa rahisi: mabaraza yaunganishwe. Sisi twaikataa dawa hiyo. Daftari letu ni katika machache yaliyobaki mikononi mwetu, na atakayelikabidhi hatalipata tena. Tunachodai ni kutambuana baina ya walio sawa. Ikiwa wahandisi wa nchi mbalimbali waliweza kukaa meza moja mwaka 2012, mabaraza mawili ndani ya Jamhuri moja yana udhuru gani? Yakae, yaandike yanachokubaliana, aliyesajiliwa huku akubaliwe kule kwa barua moja na kwa siku zinazohesabika.

Na kwa mtoto wa Nyakatuntu twadai hivi: kabla mzee wake hajauza gunia la kwanza, orodha ya vyuo vya nchi jirani vinavyokubaliwa, pamoja na mitihani na ada zitakazomngoja akirudi, ibandikwe katika ofisi ya kata yake, kwa Kiswahili. Waziri atuambie ni lini itabandikwa.