Chakula cha bure Vegas? Nani kawadanganya!

Jamani, nimekaa kimya wiki tatu. Siumwi na sijawatupa, ni zamu za usiku tu. Leo nimerudi kwa sababu nina dukuduku.

Mnajua mtoto wa mjomba alikuja huku Las Vegas mwezi uliopita kwa mkutano wa kazi yake, akakaa siku nne, akarudi zake Tanga. Habari zilizonifikia kupitia kwa shangazi ni kwamba mimi naishi mji ambao chakula kinamwagwa kama maji, mtu analipa vidola viwili vitatu anakula mpaka anavimbiwa, halafu kwa ubahili wangu nikampeleka mgeni kula "kwa Wahabeshi, jirani na duka la kufulia nguo". Na eti kama nimefikia kumbania ndugu sahani ya chakula, basi hata ule mchango wa harusi niliosema sina, ninao.

Haya. Tuanze na hilo la kumwagwa.

Zamani ilikuwa kweli, sikatai. Miaka ya 1940 hoteli ya El Rancho Vegas ilianzisha bafe la kula utakavyo kwa dola moja. Mwaka 1959 kasino ya Golden Gate, kule mjini kati, ikaanza kuuza glasi ya kamba wa baharini, yaani wale kamba wetu, waliochemshwa na kumwagiwa sosi, kwa senti 50. Lakini jamani, mlidhani ni ukarimu? Kile kilikuwa chambo! Mwenye kasino alikuwa tayari kula hasara kwenye sahani kwa sababu alijua ukishashiba utapita katikati ya mashine za kamari ukielekea mlangoni, na huko ndiko pesa yake itakakorudi, na nyingine juu yake.

Sasa chambo hakihitajiki tena. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hoteli za ile barabara kubwa, Strip, zinapata pesa nyingi zaidi kwenye vyumba, chakula, vinywaji na maonyesho kuliko kwenye kamari yenyewe. Chakula kimeacha kuwa chambo, kimekuwa ndoano. Janga la 2020 lilifunga mabafe yote, na mengi hayakufunguliwa tena. Wale kamba wa Golden Gate walikwisha mwaka 2017. Bafe kubwa kama Bacchanal pale Caesars Palace bado lipo, na ni zuri, lakini bei yake ya jioni inapita dola 80 kwa mtu mmoja. Hivyo ndivyo vidola viwili vitatu anavyovisema!

Na huyo bwana anajua vizuri, maana asubuhi ya kwanza ni yeye aliyechagua. Tukakaa kwenye mgahawa wa hoteli moja (siitaji), watu wawili, mayai, mikate ya maji ya kizungu, juisi na kahawa. Menyu ilisema dola 84. Ikaja kodi ya kaunti, asilimia 8.375. Ukaja mstari mdogo wa asilimia 5 ambao mhudumu mwenyewe alishindwa kuueleza, ni ada tu wamejitungia. Ikaja bakshishi asilimia 20. Jumla ikapita dola 110, kwa chai ya asubuhi! Mshahara wa chini kisheria hapa Nevada ni dola 12 kwa saa. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya saa 9 za mtu kubeba boksi. Na aliyelipa ni nani? Bahili. Hilo shangazi hakuambiwa.

Najua wabongo wengine wa huku watanirukia: ukija Vegas umekuja kutumia, na wewe mwenyewe unalipwa na pesa za hao wanaotumia. Kweli. Natandika vitanda vyao, na wenzangu wanabeba sinia zao. Mtu aliye kwenye fungate akitaka kukaa mara moja mbele ya chemchemi za Bellagio ale samaki wa bei mbaya, ale kwa raha zake, na ampe mhudumu bakshishi mkononi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba huko ndiko kuna chakula kizuri na kwingine kote ni cha maskini. Mbona wapishi wenyewe wakitoka kazini hawaendi kula Strip?

Wanakwenda wapi? Wanapanda gari dakika kumi kuelekea magharibi. Barabara ya Spring Mountain ndiko kwa Wachina, Wakorea, Wavietnamu, na supu ya tambi bakuli moja inakutosha mpaka usiku. Wamexico wana taco zao za nyama ya kuchoma, unakula umesimama, sosi zinajilamba zenyewe. Kwenye maduka yao nanunua mihogo, ndizi mbichi na bamia, na vyakula vibichi havitozwi kodi ya mauzo hapa Nevada. Na kama lazima ule kasino, Ellis Island iko nyuma tu ya Strip na wenyeji wanakula humo siku zote. Pale Costco soseji ya ng'ombe na soda ni dola 1.50, bei ileile tangu 1985, ila uwe mwanachama, na mimi nakula soda tu maana sijui ng'ombe alichinjwaje.

Sasa hao Wahabeshi. Mwaka 2023 kaunti yetu ililipa eneo lao jina rasmi la Little Ethiopia, jinsi walivyo wengi na biashara zao zilivyoshamiri. Mle ndani hakuna taa za rangi wala bendi. Kuna mama anakuuliza umefunga au hujafunga, maana Jumatano na Ijumaa wenyewe hawagusi nyama. Ikaletwa sinia moja ya injera, dengu, mboga za majani, nyama pembeni, tukanawa mikono tukala watu watatu. Haikufika dola 50 pamoja na bakshishi. Mtoto wa mjomba alikula sambusa tatu kabla sinia haijafika, akasema hajala kwa mkono tangu atoke nyumbani, akalala kwenye gari tukirudi. Huo ndio ubahili aliofanyiwa!

Shangazi, mchango nimeutuma juzi, dola 90. Ningekuwa na 200 kama si yale mayai. Muulize yeye anayebaki aongeze.

Zamu inaanza saa nne, naishia hapa. Picha ya ile risiti nitaiweka kesho.