Mto Ukihama, Mtoto Asihamishwe

Mpaka wa Tanzania na Malawi pale Kasumulu haukuwekwa kwa ukuta wala kwa uzio. Waingereza na Wajerumani waliuandika katika mkataba wao wa tarehe 1 Julai, 1890, wakaukabidhi kwa Mto Songwe. Lakini mto haujui mkataba. Masika yanapofurisha tambarare za Kyela, mto hula ukingo huku na kujaza mchanga kule, na mara nyingine hujikatia njia mpya kabisa. Mkulima aweza kulala Tanzania na shamba lake la mpunga likaamka ng'ambo.

Kuhusu ardhi, sheria ya kimataifa ina jibu, ingawa si jepesi. Mto ukisogea polepole, mpaka husogea nao. Ukiruka ghafla, mpaka hubaki katika mkondo wa zamani. Marekani na Mexico zilishindania eneo la Chamizal kwa sababu ya Mto Rio Grande kuhama. Wasuluhishi walitoa uamuzi mwaka 1911, Marekani ikaukataa, na shauri likamalizwa kwa mkataba wa mwaka 1963. Miaka 52! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati wa uamuzi ule alikuwa amekwisha kupata wajukuu.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Shule haihami na mto. Mtoto wa Kyela husoma kwa Kiswahili. Malawi elimu ya msingi ni ya miaka 8, na lugha za darasani ni Kiingereza na Kichewa. Kumwambia avuke daraja akasome huko, ati kitongoji chao kimeangukia upande wa pili, ni kumvunjia masomo. Wanyakyusa na Wangonde ni ndugu, lakini undugu hausahihishi mitihani.

Mwaka 2017 serikali hizi mbili zilitia saini mkataba wa Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Kuutuliza mto usihamehame ni miongoni mwa makusudi ya ushirikiano huo. Ni jambo jema, ila kingo za mto hazijengwi kwa siku moja. Maofisa elimu wa Kyela na Karonga hawana haja ya kungoja saruji. Unahitajika waraka wa pamoja unaotamka kwamba mtoto aliyekwisha kuandikishwa atabaki shuleni kwake hadi mtihani wa mwisho, mpaka uwe umekwenda upande wowote. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi zote mbili ziliuridhia mwaka 1991, watosha kuwa msingi wake. Mwalimu mkuu asiachwe peke yake na daftari la mahudhurio, akiamua nani ni raia wa nchi gani.