Gharama ya Kukaa na Watu

BARAZANI, na Adelard Rwechungura

Aghalabu tunapozungumza habari za wazee wanaoishi peke yao katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, tunazungumza kana kwamba kilichowapungukia ni mapenzi. Tunawalaumu watoto waliohamia Mwanza na Dar es Salaam, tunailaumu simu, tunazilaumu zama, kisha tunaondoka barazani tumeridhika kwamba tumesema neno la haki. Mimi naona kuwa lawama hizo, ingawa hazikosi ukweli, zinatupitisha kando ya jambo lenyewe. Mzee wa Buhaya haishi nyikani. Vibanja vyetu vimeshikana, migomba ya huyu inapakana na migomba ya yule, na kutoka mlango hadi mlango ni mwendo mfupi; watu wapo. Linalomzuia mzee asikae nao ni kwamba kukaa na watu kuna gharama yake, na gharama hiyo, ambayo mtu wa makamo huilipa bila kuihisi, mtu wa miaka themanini huanza kuipima tangu alfajiri, anapolitazama vazi lake la pekee na kujiuliza kama linafaa kuvaliwa mbele ya macho ya wenziwe.

Na tuihesabu gharama hiyo kwa insafu. Chama cha kuzikana, ambacho ndicho mhimili wa ujirani wetu, hudai kwa kila kaya mkungu wa ndizi, mzigo wa kuni, maji na fedha taslimu, na juu ya hayo yote hudai mwili wa mtu: kulala msibani, kupika, kuchota, kuchimba kaburi. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki huzunguka nyumba kwa nyumba, na yule ambaye zamu yake inakaribia hukosa usingizi akiwaza atawakalisha wapi wageni na atawapa nini. Harusi ina mchango wake, mavuno yana sadaka yake, na hata ile jamala yetu ya kale ya kumpokea mgeni kwa kahawa ya kutafuna humtaka mwenye nyumba awe nayo kahawa. Hapana mtu amfukuzaye ajuza fukara katika mikusanyiko hii. Sijapata kuona ukatili wa namna hiyo kwetu. Hujiondoa mwenyewe, kwa staha na kwa kidogo kidogo, Jumapili hii kwa sababu ya mguu, Jumapili ile kwa sababu ya mvua, hata majirani wakazoea kutomwona na wakadhani kwamba ndivyo apendavyo.

Jambo hili halikutoka katika dhana yangu tu. Katika mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt aliichunguza Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini kilichokuwa na kaya 119, na kaya zote zikaulizwa ni nani ziwezaye kumtegemea katika shida na ni nani azitegemeaye, hata ukapatikana mchoro wa kijiji kizima, nani kaungana na nani. Ilidhihirika kwamba wanaosaidiana huunganishwa na udugu na ukoo, na ukaribu wa nyumba, na dini moja, na rafiki wa pamoja. Lakini ilidhihirika vile vile kwamba kaya maskini, ambazo ndizo zenye haja kubwa zaidi ya kusaidiwa, ndizo zilizokuwa na maungano machache zaidi. Mwenye kutaka kuufahamu ukiwa wa uzeeni na aanzie hapo, wala asianzie kwenye tabia za vijana.

Muleba imelijua jambo hili kwa machungu yasiyosahaulika. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa bado vibichi katika fikira za watu pale, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa mwanzo wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipoonekana katika hospitali ya Ndolage, huko Kamachumu. Miaka iliyofuata maradhi yale yaliwachukua watu wa makamo, yaani wale hasa wenye nguvu ya kulima, kujenga na kuchangia, yakawaacha wazazi wao upande mmoja na watoto wao upande wa pili. Bibi waliokuwa wakitazamia mapumziko wakaanza upya kuogesha watoto wachanga, kutafuta daftari na sare za shule, na kukesha na homa za usiku, na haya yote waliyafanya katika kibanja ambacho nguvu kazi yake ilikuwa imelala kaburini hapo hapo nyuma ya nyumba. Dunia ilipotupa jicho upande wetu iliwaona yatima. Ilichelewa mno kumwona aliyewapakata.

Shirika la Kwa Wazee, lililoanzishwa Nshamba mwaka 2003, lilikuwa miongoni mwa wachache waliomwona, na likafanya jambo ambalo wengi walikuwa wakilitilia shaka: lilimpa mzee fedha taslimu kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya mjukuu anayemlea, likamwachia yeye mwenyewe hiari ya kuzitumia. Ripoti ya tathmini ya kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 2008, ilibeba katika jina lake vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Msomaji mwenye haraka atavipita akidhani ni orodha ya duka la kijijini. Mimi nimesimama sana hapo penye sabuni. Mtu aweza kula ndizi isiyo na chumvi nyumbani kwake na asijulikane na yeyote. Lakini hawezi kuketi kanisani au msikitini, bega kwa bega na watu, katika nguo isiyofuliwa kwa mwezi mzima, ikiwa alilelewa na mama aliyemfundisha haya. Kipande cha sabuni, kwa mtu kama huyo, ni idhini ya kutoka nje. Wale wanaozipima pensheni za wazee kwa vibaba vya unga peke yake wanaikosa nusu ya hesabu, kwa kuwa nusu ya pili hutumika njiani kuelekea kwa watu.

Tena mambo hayakuishia kwenye fedha. Wazee wa pande zile walijiunga katika vikundi vya kusaidiana, vya kuweka akiba, na vya kumtembelea mwenzao aliyelala kitandani, kisha yakaongezwa mazoezi ya viungo, na wanawake wazee wakafundishwa hata namna ya kujihami, kwa sababu ajuza anayelala peke yake ni mawindo ya wezi na ya watu waovu kuliko wezi. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu wa miaka 65 na zaidi afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, pamoja na mazoezi ya kuuzoeza mwili usiyumbe walau siku tatu, na bila shaka yupo atakayesema kwamba bibi aliyeshinda na jembe kibanjani hana haja ya kunyoosha mikono uwanjani. Kwa upande wa misuli huenda akawa na hoja. Lakini hebu azingatie kikundi chenyewe kinadai nini: hakidai mkungu, hakidai kuni, hakidai bahasha; humtaka mtu afike na mwili wake kama ulivyo, anyanyue mkono kadiri unavyonyanyuka, acheke na wenziwe, arudi kwake. Ndiyo maana nasema kwamba faida ya kwanza ya mazoezi yale ni kuwapo mkusanyiko ambao mtu asiye na kitu huuingia bila kuinamisha uso, na faida za magoti na mgongo huja baadaye.

Wale wajukuu sasa ni watu wazima. Kagera ni miongoni mwa mikoa ya Afrika ambayo maisha ya kaya zake yamefuatiliwa kwa muda mrefu. Uchunguzi ulioanza mwaka 1991 na kuendelea hadi 1994 kwa kaya 915 uliwatafuta tena watu wale wale mwaka 2004 na mwaka 2010, popote walipokwenda, na ukathibitisha lile ambalo kila mzazi hulijua bila kuandikiwa, kwamba walioutoka mkoa walipiga hatua kubwa zaidi katika maisha kuliko waliobaki. Basi hatuwezi, kwa insafu, kumwambia kijana arudi akae mlangoni kwa bibi yake. Bibi mwenyewe hakumsomesha kwa ajili hiyo.

Lakini kijana huyu twaweza kumwambia jambo jingine. Fedha anayotuma kwa simu ni ya heri, na Mungu amzidishie; ila mara nyingi humfikia mzee kupitia mkononi mwa jirani mwenye simu, ikalipa dawa na mafuta ya taa, ikaisha. Kijana huyo huyo, siku ya msiba wa bibi, huja na basi zima la rafiki, huja na maturubai na vipaza sauti, na kwa siku tatu kibanja kilichokuwa kimya miaka kumi hujaa watu. Sisemi asizike kwa heshima. Nasema kwamba sehemu ndogo ya gharama ya siku zile tatu, lau ingetolewa wakati bibi yu hai, ikalipwa moja kwa moja kwa mweka hazina wa chama cha kuzikana na kwa kiongozi wa jumuiya, kwa jina la bibi, ingemrudishia nafasi yake katika kikao, ambako angeingia kama mtu aliyetimiza wajibu wake, akasema na akasikilizwa. Huo ndio ugeni ambao mtoto aliye mbali anaweza kuufanya kila mwezi bila nauli.

Mataifa yenye mali nayo yameshtushwa na ukiwa. Uingereza, mnamo Januari 2018, ilimteua waziri wa kushughulikia jambo hilo, na Japani ikafuata mwaka 2021. Sina neno juu ya mawaziri wao, lakini nadhani tuna zaidi ya kujifunza Zimbabwe, ambako Daktari Dixon Chibanda, tangu mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, aliwafundisha bibi wa mtaani kuketi kwenye benchi penye zahanati na kuwasikiliza watu waliozidiwa na mawazo. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Bibi wale hawakukusanywa ili wahurumiwe, bali waliitwa kwa sababu wana kitu. Na kwetu je, hawana kitu? Profesa M. M. Mulokozi alipozikusanya na kuzichunguza tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi iitwayo enanga, hazina ile aliikuta katika vifua na vidole vya watu wazima. Shule za msingi za Kamachumu, Kanyigo na Kashai zimejaa watoto ambao hawajapata kumsikia mpiga enanga hata mmoja, ilhali yumo mzee anayezijua habari za ukoo na mipaka ya vibanja, ameketi nyumbani akitazama mvua, na hapana aliyemwalika.

Serikali nayo ina sehemu yake. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003; mabaraza ya wazee yamewekwa katika ngazi za kijiji, kata na wilaya; makazi ya wazee ya Kiilima huwahifadhi wasio na jamaa; na kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, viti hupangwa na hotuba husomwa. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: mnamo Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au hakupata, na huku Bara wazee wamekuwa wakiliomba jambo kama hilo kwa miaka mingi. Naliunga mkono ombi lao kwa moyo wote, kwa hoja ile ile ya sabuni. Wala simwelewi kiongozi anayelitaka baraza la wazee likutane makao ya kata, juu ya kilima, mwendo wa saa mbili, kisha akaandika kwamba mahudhurio ni hafifu.

Hata hivyo yapo yasiyongoja bajeti ya mtu. Katiba za vyama vingi vya kuzikana zimeandikwa kwa kalamu katika daftari, na hubadilika kwa kura ya mkutano mmoja. Katika mkutano ujao wa chama chetu nitasimama kuomba kiongezwe kifungu cha kwamba kaya ya mtu aliyepita miaka sabini, asiye na mwenye nguvu nyumbani mwake, ihesabiwe kuwa imelipa kwa kuhudhuria tu. Kwamba akifika apewe kazi ya watu wa umri wake, kukaa na wafiwa na kuongoza sala. Na kwamba asipoonekana mara mbili mfululizo, mwenyekiti amtume mtu kwenda kumtazama siku hiyo hiyo, kabla mkutano haujatawanyika.