Kioo kimekufa, kompyuta bado nzima

Jumamosi iliyopita dada yangu alinipigia simu akihema. Kompyuta ya nyumbani, ile iMac ya mwaka 2010 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilikuwa nyeusi tii, na fundi alishashika bisibisi. Alitaka kung'oa kioo chote, kilichobaki akiunganishe na monita ya pembeni. Nikaomba anisubiri.

Mimi ni mwandishi wa afya, si fundi. Ila katika iMac za miaka hiyo, kibao kinachopokea umeme wa ukutani kimekaa nyuma ya kioo bila boksi lake. Kina kapasita, na hizo huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Ukizigusa vibaya zinakurusha. Na pale sebuleni kuna mtoto wa miaka minne anayegusa kila kitu.

Nilipofika tuliiwasha, mlio wake ukasikika vizuri. Tukazima taa ya chumba, tukamulika kioo kwa tochi ya simu, na picha ikaonekana kwa mbali sana. Kumbe kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo tu. Nyuma ya mashine kuna tundu dogo la Mini DisplayPort linalotoa picha nje. Fundi mwenyewe alikuwa na adapta ya kwenda HDMI, tukaazima monita kwa jirani. Bisibisi ikarudi mfukoni.

Picha ilitokea, lakini tupu, haina hata alama moja ya kubofya. Usikate tamaa hapo. Kompyuta inadhani kile kioo kilichokufa ndicho kikuu. Bonyeza Command na F1 kwa pamoja ili picha ileile ije kwenye monita. Kwa wenye Windows, ni kitufe cha Windows na P.

Kama yako ni ya kampuni nyingine, soma maandishi kwenye tundu kabla ya kununua kebo. Zipo zenye HDMI ya kupokea picha tu, kwa mfano ya king'amuzi. Hiyo haitakusaidia, lazima iwe ya kutoa. Na wanaosema kung'oa kioo hakuna shida, wajue iMac za wakati ule zina kihisi cha joto kilichobandikwa kwenye kioo. Kikichomolewa, feni huzunguka kwa kasi muda wote na nyumba nzima hamlali.

Sasa lililonigusa zaidi. Mwanangu wa darasa la sita (wa dada ni wangu pia, mimi ni mama yake mdogo) amekuwa akilalamika shingo na kichwa. Nilimkalisha pale pa zamani nikaona anainua kidevu. Stendi ya iMac hiyo haishuki. Unaweza kuinamisha kioo tu. Ilikuwa inamfaa baba yake.

Monita tumeiweka chini zaidi, ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho ya mtoto au chini kidogo, na umbali wa mkono ulionyooshwa. Miguu yake ilikuwa inaning'inia, tukamwekea kigoda. Kila baada ya dakika 20 anatazama mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Anahesabu kwa sauti ili tusikie, anachosha.

iMac imebaki pembeni ya meza, kioo cheusi. Dada alitaka kuifunika na kitambaa cha kufuma ili isichukize wageni. Nikamkatalia, kwa sababu joto lake hutokea kwa nyuma na likizibwa mashine itaungua kweli.

Shingo imepungua kuuma. Kichwa bado, kwa hiyo Alhamisi tunampeleka kupimwa macho.