Mwalimu na Betri ya Kompyuta Mpakato

Wanachuo wengi huamini kwamba kufunika kompyuta mpakato ni sawa na kuizima. Sisi hatukubaliani na imani hiyo. Kompyuta iliyofunikwa, isipokuwa imepangwa vingine, husinzia tu: kazi hubaki katika kumbukumbu ya muda, nayo kumbukumbu hiyo huendelea kula umeme kidogo kidogo. Betri ikiisha usiku, kazi isiyohifadhiwa yaweza kupotea. Iko hali nyingine, ya kulala fofofo, ambayo huandika kazi yote katika diski ndipo umeme ukatwe. Asubuhi mwalimu huikuta kazi kama alivyoiacha, ingawa kompyuta huchelewa kidogo kuamka.

Katika shule isiyo na umeme, tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, maana darasa zima haliwezi kuingojea betri. Kwa hiyo twashauri: hifadhi kazi kwanza, punguza mwanga wa kioo, kwani hula umeme mwingi, ilaze kompyuta fofofo kabla ya safari. Vyuo navyo vilifundishe jambo hili kabla ya mapambo ya maandishi. Na chaki isikosekane: chombo ni msaidizi wa mwalimu, wala si mwalimu.